Buibui ya Nani?

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo mapema: siku wazee wangu walipokwenda mtaa wa Kinindo kuniposea mke, mimi mwenyewe mwenye kuposewa nilikutwa nimelala chali kwenye maua, chini ya dirisha la chumba walichokuwamo wanawake wa nyumba ile, kamera mkononi, kanzu nyeupe imejaa matope mpaka mabegani. Habari ndiyo hiyo, na hapa Bujumbura wapo watu ambao mpaka leo tukikutana njiani wananiuliza kama betri imejaa. Naona haya, sikatai. Lakini msinionee huruma sana, kwa sababu picha niliyoipata pale chini inazipita zote nilizowahi kupiga maishani, na hilo nitalisema hata mbele ya mama yangu (nimeshalisema, akaondoka sebuleni).

Mimi ni deklaran pale bandarini, yaani mtu anayehangaika na karatasi za mizigo ya wengine mpaka itoke forodhani, kazi ya kukaa na kungoja na kupigiwa simu za hasira. Saa ya mapumziko wenzangu wanakwenda kula ugali na ndagala wa ziwani, mi natoka na kamera, nazunguka nyuma ya maghala ya Zone Industrielle kwenye kuta na vichaka, natafuta buibui. Buibui, nyigu, panzi, hata nzi nampiga akikaa vizuri. Nina lenzi ya kukuza vitu vidogo, na mbele ya flashi nimefunga kipande cha dumu jeupe la mafuta nilichokikata mwenyewe ili mwanga uwe laini, na nasema kwa majivuno yote kwamba kile kipande cha dumu kinafanya kazi kuliko vifaa vya watu waliosomea. Mnajua buibui mdogo kama punje ya mchele, wale wanaorukaruka ukutani? Msogelee kwa lenzi ile uone macho yake, manane, mawili ya mbele yamemtoka kama taa za lori, na ukisogea kushoto anageuka kukutazama, ukisogea kulia anageuka tena. Mi nikiwa mbele ya kiumbe kama yule pumzi naizuia bila kuambiwa.

Nyumbani waliniona nimerukwa na akili. Mama aliomba dua, dada yangu alikataa kushika simu yangu, na kila msichana niliyemwonyesha picha alipiga ukelele na kurudi nyuma. Isipokuwa Rahma. Yeye alikuja bandarini kufuatilia vitambaa vya baba yake vilivyotoka Kigoma, akanikuta nimepiga magoti mbele ya kontena, na badala ya kuuliza mzigo wa baba yake uko wapi akauliza naangalia nini. Nikamwonyesha. Akaichukua kamera mkononi mwangu, akaitazama ile picha muda mrefu, akauliza kama iko nyingine. Tangu siku ile ikawa akiona mdudu ananiandikia, na mi nikipata picha namtumia yeye kwanza, na kwao hakuna aliyejua, kwa sababu baba yake, Mzee Nasor, mwenye duka la vitambaa mjini, si mtu wa kusikia kwamba binti yake anaandikiana na deklaran.

Basi nikatuma wazee. Kwa desturi yetu kijana anabaki nyumbani wazee wakiongea, lakini Mzee Nasor alisema anataka kuniona kwa macho yake, kwa hiyo nikaenda: mimi, mama, na Baba Mkubwa Juma ambaye ndiye msemaji wetu kwenye mambo kama hayo. Mama alinihoji mlangoni kama nimebeba kamera. Nikamwambia nimebeba haluwa. Ni kweli nilikuwa nimebeba haluwa, ila kamera nayo ilikuwa ndani ya mfuko ule ule, chini ya haluwa, sijui hata nilikuwa nafikiri nini, mtu anakwenda kuposa na lenzi. (Nilikuwa nafikiri Kinindo kuna bustani. Hicho ndicho nilichokuwa nafikiri.)

Tulifika baada ya Alasiri, Mzee Nasor hajarudi kutoka dukani, tukakaribishwa sebuleni, mama akapelekwa kwa wanawake jikoni. Simu yangu ikatingishika. Rahma ameandika: "Zunguka nyuma, dirisha ya mwisho, kwa maua. Iko moja mukubwa ya mistari. Shangazi amesema kesho wanapita na ufagio."

Sasa niambieni mngefanya nini. Kesho ufagio. Nikamwambia Baba Mkubwa nakwenda kunawa mikono, nikatoka na mfuko wangu, nikazunguka.

Na alikuwepo. Alikuwa ametandaza utando wake kati ya bougainvillea na nondo za dirisha, yeye katikati kichwa chini, miguu ameipanga miwili miwili kama herufi X, mweusi, tumbo lina mistari ya njano inayong'aa kama hariri ya dukani kwa Mzee Nasor. Chumba nyuma yake kilikuwa kitupu, pazia limefungwa. Nikapiga nikiwa nimesimama, haikutosha. Nikachuchumaa, haikutosha, kwa sababu uso wake ulikuwa unatazama chini, na mimi nilitaka uso. Nikalala chali kwenye maua. Walikuwa wamemwagilia mchana ule, nikasikia baridi inapanda mgongoni, nikajua kanzu imekwisha, na nitawaambia ukweli sikujali hata kidogo, kwa sababu yule buibui alikuwa ameinua mguu mmoja na jua la jioni lilikuwa linampita katikati.

Nisichokijua ni kwamba wakati mi nahangaika na pembe, wanawake walikuwa wamemaliza jikoni wakaingia chumba kile kile kujipamba, mitandio imewekwa pembeni, nywele wazi, na ghafla darini kwao ukaanza kupiga mwanga kama radi. Mama yangu (naye alikuwa mle ndani) ananiambia kwanza walifikiri mvua inakuja. Halafu shangazi yake Rahma, Bi Thureya, akasogea dirishani akafungua pazia.

Tukatazamana. Yeye juu, mi chini, kamera imemwelekea. Akaweka mkono kwenye komeo la dirisha, na mimi, badala ya kusema shikamoo, au samahani, au neno lolote la mtu mwenye akili, nikamwambia kwa sauti, "Usifungue, utaiharibu!"

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alifunga pazia taratibu, nikasikia anawaita wanaume kwa majina yao, mmoja mmoja.

Waliponiingiza sebuleni, shemeji zangu watarajiwa wawili wamenishika huku na huku, Mzee Nasor ndiyo kwanza alikuwa ameketi, na Baba Mkubwa Juma alikuwa katikati ya kunisifu. Nilimkuta kwenye maneno haya haya: kwamba kijana wetu ni mtulivu, macho yake hayazunguki kwenye nyumba za watu. Akaniona. Akanyamaza. Nilikuwa na maua ya bougainvillea kichwani.

Bi Thureya alieleza mlangoni alichokiona. Mzee Nasor alimsikiliza mpaka mwisho, hakupandisha sauti, akanigeukia.

"Ulikuwa unafanya nini kwa dirisha ya wanawake?"

"Nilikuwa napiga foto buibui, Mzee," nikasema.

Mi nilikuwa nimesema ukweli mtupu na nikawa nashangaa mbona nyuso zinazidi kuharibika.

"Buibui ya nani?" akauliza.

"Apana ya mutu, iko tu pale kwa dirisha. Ile mukubwa, nyeusi, iko na mistari ya njano."

Wote wakageuka kumtazama Bi Thureya, ambaye alikuwa amesimama mlangoni ndani ya buibui lake jeusi la kutokea, limetariziwa nyuzi za njano mikononi kote. Mama yangu, nyuma yake, alijifunika uso kwa viganja. (Wale wanaosema Kiswahili cha redio wangesema "yule buibui", na pengine yasingenikuta. Sisi hapa kwetu kila kitu ni "ile", mdudu ni ile, vazi ni ile, na nilimalizwa na neno moja tu.)

Nikaanza kueleza, mdudu, Mzee, mdudu wa miguu minane, lakini mwanaume aliyeshikwa, kadiri anavyoeleza ndivyo anavyozidi kuonekana mwongo. Mzee Nasor akanyoosha mkono. Nikampa kamera. Akabonyeza, akarudisha kichwa nyuma, akabonyeza tena. Buibui, buibui, buibui, nyigu wa jana, buibui. Bi Thureya akasogea akaonyesha kivuli cheusi nyuma ya mdudu, akasema pale ndipo alipokuwa yeye. Hapo nikapata ujasiri, kwa sababu hilo ni jambo ninalolijua. Nikamwomba Mzee aikuze picha, nikamwonyesha kwamba lenzi yangu inashika unene wa karatasi tu, kwamba hata miguu ya nyuma ya buibui mwenyewe imepotea kwenye ukungu, na kilichoko nyuma ya kioo kingekuwa mtu au kabati au ng'ombe hakionekani abadani. Alikuza. Alitazama. Nikaona mabega yake yameshuka kidogo, nikafikiri nimepona.

Kumbe ndiyo swali lenyewe lilikuwa linakuja.

"Hii nyumba hujawahi kuingia," akasema. "Nani alikuambia kama iko kitu pale nyuma?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, ujumbe wa Rahma ndani yake. Ningesema jina lile ningekuwa nimesafika, na yeye angebaki na hasira za baba yake. Nikainamisha kichwa. Akauliza mara ya pili. Nikasema Mzee nisamehe, hilo siwezi kulijibu. Baba Mkubwa Juma akaanza kukusanya kofia yake na fimbo yake, maana kwake shughuli ilikuwa imekwisha, na mi nilijua imekwisha, lakini mdomo wangu ulibaki umefungwa na mpaka leo najivunia mdomo ule.

"Ni mi nilimwambia, Baba."

Rahma alikuwa ameingia kutoka koridoni. Mtandio ameuvuta vizuri, mikono ameikunja mbele. Alisema aliniandikia yeye, kwamba chumba kilikuwa kitupu alipoandika, na kama iko kosa basi waanze naye.

Mzee Nasor alimgeukia. Halafu akamuuliza, "Munaongea tangu lini?"

"Tangu ile mizigo ya Kigoma."

"Na munaongea nini?"

"Wadudu, Baba."

"Wadudu tu?"

"Sana sana wadudu."

Mmoja wa kaka zake alitoka nje haraka, mabega yakitikisika kwa kicheko. Lakini Mzee hakucheka. Alinirudishia kamera, akamwambia Baba Mkubwa kwa adabu kwamba atatupigia simu, tukaondoka bila kunywa hata maji, na haluwa yetu ikabaki mezani kwenye mfuko wenye majani ya bustanini. Ndani ya gari mama alikuwa ananitoa maua kichwani moja moja.

Simu haikupigwa siku zile, wala zilizofuata. Rahma hakuandika, na mi sikuthubutu. Kwa kukosa la kufanya nikaichapisha ile picha kubwa, kubwa kama mlango wa kabati, nikaiviringisha, na siku Mzee Nasor aliponiita dukani nikaenda nayo, kwa sababu niliona kama nakataliwa basi nikataliwe kwa kazi yangu nzuri.

Akaitandaza juu ya vitambaa. Alivaa miwani. Alipita mguu kwa mguu, mstari kwa mstari, halafu kidole chake kikasimama pembeni kabisa mwa utando, kwenye kitu kidogo cha kahawia ambacho watu wote huwa hawakioni.

"Na hii?"

"Ni dume, Mzee. Ile mukubwa ni jike. Dume anakaa pale pembeni anangoja, hasogei mupaka jike akubali."

"Na akikubali?"

Ningeweza kudanganya. Lakini kuhusu buibui sijawahi kumdanganya mtu.

"Mara mingi jike anamula."

Mzee Nasor akavua miwani. Alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akashika kaunta, wateja wakageuka kutuangalia, akafuta macho kwa pembe ya kitambaa kilichokuwa karibu, akasema niwaambie wazee wangu warudi.

Tumeoana. Nimeapa, na kiapo hiki nakishika: sitamlalia tena buibui chini ya dirisha la mtu kabla sijabisha hodi mlangoni na kueleza kwa urefu ni mdudu wa aina gani. Na kanzu nyeupe sivai tena nikiwa na lenzi. Ile ya siku ile Rahma aliifua mara nyingi, matope ya mgongoni hayakutoka, akanishonea nyingine rangi ya udongo.