Baba anaamini mfuko huu nao utatolewa

Admin, naomba ufiche jina langu, maana baadhi ya wenzangu ofisini wanasoma ukurasa huu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, karani wa masijala, nimepanga chumba Buhongwa. Nyumbani ni Sengerema. Kwetu ni mimi peke yangu niliyesoma, kwa hiyo baba alipoanza kukojoa damu aliletwa kwangu.

Mwanzoni mkojo uliziba kabisa. Hospitali wakamwekea mpira kupitia njia ya mkojo, ukawa unatiririkia kwenye mfuko. Baba ni mfugaji, na mfuko ule aliuzoea kwa utani. Ukijaa ananiita, "Mama, ndama ameshiba, mpeleke nje." Baada ya wiki chache mpira ulitolewa, akacheka akasema ndama amerudi kwa mwenyewe. Nikadhani yamekwisha.

Damu ikarudi. Vipimo vikaonyesha saratani ya kibofu. Daktari alisema huenda kichocho cha muda mrefu kimechangia, kwa kuwa baba amelima mpunga majarubani tangu utotoni. Alituketisha wote wawili akatuchorea. Akaeleza kwamba safari hii si mpira wa njia ya mkojo, wala ule unaopitishwa tumboni chini ya kitovu kuingia kwenye kibofu, ambao nao huweza kutolewa. Kibofu chenyewe kitaondolewa chote. Mirija inayotoka kwenye figo itaunganishwa na kipande kifupi cha utumbo, na kipande hicho kitatokeza kwenye tundu upande wa kulia wa tumbo. Mkojo utatoka hapo wenyewe, usiku na mchana, kuingia kwenye mfuko unaobandikwa kwenye ngozi. Mfuko utabadilishwa, lakini tundu litabaki maisha yake yote.

Kiswahili cha baba ni cha mnadani, cha kuuzia ng'ombe tu. Alinigeukia, akaniuliza kwa Kisukuma, "Anasemaje?"

Naomba mnielewe hapa. Siku chache kabla, pale wodini, kwenye kitanda cha jirani alilala mzee aliyefanyiwa upasuaji huohuo, na baba alimwona akibadilishiwa mfuko. Aliangalia mpaka mwisho, kisha akaniambia taratibu, "Mwenzangu wamemtoboa. Mimi wakitaka kunifanya vile, nirudishe Sengerema nikafe na mwili wangu." Hakuwa na hasira hata kidogo. Ndiyo maana niliamini kwamba atafanya hivyo.

Kwa hiyo nikamjibu, "Wataondoa ugonjwa, halafu utavaa mfuko."

"Kama ule wa kwanza?"

"Kama ule, baba."

Daktari akaniuliza kama mzee ameelewa. Nikasema ameelewa. Baba akaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali upasuaji.

Tangu hapo silali wala sili vizuri. Nilimpigia kaka yangu mkubwa, aliyebaki na ng'ombe nyumbani. Akasema, "Ukimwambia atakataa, na akikataa tutamzika. Nyamaza, akiamka atazoea."

"Na asipozoea?"

"Basi atakuwa hai wa kukukasirikia."

Nimejaribu kusema. Leo jioni nilimpelekea uji, nikasubiri amalize, nikaanza, "Baba, kuhusu ule mfuko..." Akanikatiza. "Unaogopa nini, mama? Ndama mimi namjua. Waambie tu huyu wa sasa asikae sana, mvua zikianza nataka niwe shambani." Wagonjwa wa karibu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilichukua kikombe nikatoka nje kukiosha, nikakaa bombani muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

Niliporudi kuaga alinishika mkono. Akasema madaktari ni watu wazuri lakini maneno yao yanampita. "Nikiamka, wao wasinieleze kitu. Nataka nikukute wewe. Wewe ndiye utaniambia wamenifanya nini."

Upasuaji ni Jumatatu. Nikimwambia ukweli atarudi nyumbani na saratani yake, na nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, ataamka na tundu tumboni ambalo hakulikubali, na wa kwanza kumtazama usoni nitakuwa mimi.

Ndugu zangu, hasa mnaoishi na mfuko huo au mliouguza mzazi mwenye nao, nishaurini. Nimwambie kabla ya Jumatatu, na kwa maneno gani? Na nikishindwa, akifumbua macho akaniuliza, nitamjibu nini?