Kamata kwa Kifundo

Mpaka leo, askari wa barabarani akipuliza filimbi, mkono wangu wa kulia huchomoka wenyewe kutafuta kifundo cha mkono wa mtu. Mwanangu amezoea, hulalamika kidogo tu. Ila mwaka jana sokoni nilimkamata mzee mmoja muuza ndagala, nisiyemjua hata kwa salamu, ikabidi ninunue samaki wake ili kufunika aibu.

Ugonjwa huu niliupata darasa la pili, mtaani kwetu Buyenzi, miaka ya vita. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kaptura ya kaki iliyonyooshwa pasi kama ya kwendea harusini. Mpira hatukuwa nao. Tulikuwa na kiwanja cha vumbi nyuma ya magereji, kinachonuka oili chafu na maandazi ya jirani, na mchezo mmoja alioutunga mwenyewe. Filimbi ikilia, kila mtoto amshike mwenzake, wakimbie wawili wawili hadi mlango wa ua wa msikiti. Watakaotangulia watakaa na filimbi wiki nzima.

“Apana vidole,” alituambia kila mara, akipita kurekebisha mikono yetu. “Vidole vinateleza na jasho. Kamata kwa kifundo.”

Niwaambie ukweli, nilikuwa na mbio. Baba, fundi wa magari, alisema nimefungwa injini mpya. Bibi yeye alinikejeli: “Mbio za sakafuni huishia ukingoni.” Filimbi ile niliitamani hadi nikaiota. Na mwalimu, kati ya watoto wote, akanipa Jenerose, aliyehamia kwa shangazi yake baada ya nyumba yao ya mtaa wa Cibitoke kuchomwa. Jenerose alikimbia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

“Mwalimu, huyu anakimbia polepole. Mi nitashindwa juu yake.”

“Basi mutashindwa wawili.”

Ijumaa moja nikamwachia. Nilifika mlangoni peke yangu, wa kwanza, nikanyoosha mkono nipewe filimbi. Mwalimu hakunitazama. Alikwenda hadi katikati ya kiwanja aliposimama Jenerose, akamshika kifundo, akatembea naye taratibu mpaka mlangoni, asimwachie hata walipofika.

“Ule anafika peke yake,” akaniambia, “hajafika.”

Nililia kwa hasira, nikamchukia siku tatu nzima.

Wiki iliyofuata risasi zilianza tukiwa kiwanjani. Zile za mbali, za milimani, tulishazizoea. Hizi zilikuwa mtaani kwetu. Mwalimu akapuliza filimbi, na hakuna aliyeuliza kitu. Nilimkamata Jenerose tukakimbia. Katikati ya kiwanja akajikwaa, uzito wake wote ukaning'inia kwenye mkono wangu uliolowa jasho, lakini hakunitoka. Nilimvuta mpaka akasimama. Tulikuwa wa mwisho kuingia uani, na mwalimu akafunga mlango nyuma yetu.

Alipita akitugusa vichwa, wawili wawili, midomo ikihesabu bila sauti. Alipomaliza, akavua filimbi shingoni akanivika mimi. Nilijaribu kuipuliza, lakini kinywa kilikuwa kikavu. Jenerose akanionyesha alama nne za kucha zangu kwenye ngozi yake.

“Umeniumiza, we,” akasema, na mkono hakuuondoa.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kusifu akili ya mwalimu, kwamba alijua vita vitatufikia. Lakini hilo hata bibi alilijua. Nilikuwa nimeshakuwa mama ndipo siku moja, siku ya joto kali, nikivuka barabara na mwanangu nikiwa nimemshika ovyo, vidole vyake vikaniteleza. Nikageuka nikaona kiganja changu kitupu. Mtoto alikuwa palepale, hatua moja nyuma, akinicheka.

Niliketi kando ya barabara nikamlilia mwalimu wangu. Habari ya vidole na jasho hakuisoma katika kitabu. Kuna mkono uliomteleza, kabla hajatufahamu sisi, na watoto arobaini tuliomzunguka kila Ijumaa hatukumwuliza hata mara moja ulikuwa wa nani.