Ujumbe wa Majaribio Uliowafikia Wazazi wa Kagugu

Umewahi kupigiwa simu na mama usiyemjua, anakuuliza umemficha wapi mtoto wake?

Mimi nimepigiwa. Na sikuwa nimemficha mtoto wa mtu.

Naitwa Shafiq, mtoto wa Nyamirambo, mama yangu ni fundi cherehani. Nasoma kompyuta mwaka wa mwisho hapa Kigali. Mimi na mwenzangu Ngabo tulitengeneza app ya mahudhurio kwa ajili ya shule. Mwalimu anaweka alama kwenye simu yake, nani kafika na nani hajafika. Asiyefika, mzazi wake anapata ujumbe: "Mtoto wako hajafika shuleni leo. Piga namba hii."

Namba hiyo ilikuwa yangu. Ngabo akiongea na mtu mzima anatoka jasho, kwa hiyo mdomo wa mradi ni mimi.

Shule moja ya Kagugu ikatukubalia tuifanyie majaribio darasa la pili. Tukafurahi kama tumeshinda uchaguzi.

Sasa asubuhi moja tuko geto, Ngabo anarekebisha sehemu ya kutuma ujumbe. Alitakiwa atume kwenye simu zetu wawili tu, tuone kama unafika.

"Nimetuma," akasema.

Nikaangalia simu yangu. Hakuna kitu.

"Mbona kwangu haujafika?"

"Ngoja."

Simu ikaita. Mwanaume, anahema.

"Mwanangu yuko wapi? Nimemwacha getini kwa mkono wangu!"

Sijajibu, simu nyingine inagonga. Na nyingine. Mama mmoja anasali, mwingine anatukana mpaka ukoo wangu.

Nikamgeukia Ngabo. Alikuwa kaganda mbele ya kompyuta.

"Ndugu yangu Shafiq... nimetuma kwa wazazi wa kweli."

"Wangapi?"

"Darasa zima."

Mungu wangu.

Tukadaka moto mbili, pikipiki za abiria, mpaka Kagugu. Njia nzima napokea simu huku nashikilia helmeti, nawaambia ni kosa la mtambo, watoto wapo, samahani. Nilijua mradi umekufa na chuo hatutamaliza.

Getini palikuwa kama msibani. Wazazi wamekuja walivyo, mmoja ana taulo la saluni kichwani, mwingine kavaa kandambili na suti. Watoto wakawa wanaitwa nje mmoja mmoja. Mzazi anamkumbatia wake, analia kidogo, halafu anatugeukia sisi.

"Nyinyi iko wajinga sana! Mlitaka niangukie njiani?"

Niliinamisha kichwa nikapokea. Matusi hayaui mtu. Moyoni nikaanza hata kupata ahueni.

Ila kulikuwa na mama mmoja hapigi kelele. Kavaa nguo za ofisi, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Alikuwa katoka kazini kwake, Kacyiru. Amesimama mlangoni mwa darasa, anawahesabu watoto kwa macho.

"Shimwa wangu iko wapi?"

"Shimwa iko, mama," akajibu Mwalimu Pudentienne. Akaangalia darasani. Akaangalia tena. "Iko hapa... hata simu inasema iko."

Akainua simu yake. Jina la Shimwa lina alama ya kijani. Yupo.

Dawati lake halina mtu.



Mama Shimwa akaja moja kwa moja kwangu, akanishika shati.

"Ulijuaje?"

"Mama, ni kosa la..."

"Mwalimu alikuwa hajui. Mimi niliyemzaa nilikuwa sijui. Wewe ulijuaje?"

Ungejibu nini?

"Sema unataka nini," akaninong'oneza, machozi yanatiririka. "Nyumba, gari, chochote. Nipe tu mtoto wangu."

Baba mmoja akafunga geti. Mwingine akawa anaongea na polisi kwenye simu, ananitazama kuanzia juu mpaka chini. Ngabo akanisogelea sikioni.

"Ndugu yangu, tukimbie. Ukuta wa nyuma ni mfupi."

Sitadanganya, niliuangalia ule ukuta. Miguu ilishataka kwenda. Lakini nikaona tukikimbia watu wote watatufuata sisi, na hakuna atakayebaki kumtafuta Shimwa.

"Mama," nikasema, "asubuhi alitoka nyumbani na nani?"

"Na gari ya shule! Nilimpandisha mwenyewe!"

"Gari iko wapi sasa hivi?"



Mkuu wa shule akampigia dereva, Léonidas, akaweka sauti kubwa.

"Nilishusha watoto wote," dereva akasema.

"Ulienda kuangalia viti vya nyuma?" mkuu akamuuliza.



"Gari iko nyuma ya kanisa, hapo karibu na shule," akasema, swali hakulijibu. "Funguo ninayo huku nyumbani, Gahanga."

Gahanga! Upande wa pili wa jiji!

Tulikimbia. Mama Shimwa akatupa viatu vyake njiani, akatupita wote.

Gari lilikuwa limeanikwa juani, vioo vyeusi vimefungwa mpaka juu. Niliposhika mlango nikatoa mkono haraka, bati linaunguza. Nikagonga. Nikaita Shimwa, Shimwa. Hakuna sauti.

Nilianza kulia pale pale, mwanaume mzima.

Ngabo ndiye aliyeokota jiwe. Kioo kikavunjika, joto likatupiga usoni. Mama akapenya humo humo, vipande vya kioo vikamkata magoti, wala hakuhisi.

Shimwa alikuwa sakafuni, chini ya kiti cha mwisho. Alisinzia njiani akateleza, wenzake wakashuka, mlango ukafungwa. Sweta limelowa jasho, macho kayafumba. Mama anamtikisa, hafumbui jicho wala hasogezi kidole.

Mtu akammwagia maji kichwani.

Tukasubiri.

Kisha akakohoa.

"Mama... amazi."

Maji. Alikuwa anataka maji.

Kwenye zahanati daktari alituambia tungechelewa zaidi kidogo tu, asingeweza kutusaidia. Wazazi wale wale waliotutukana wakatushika mikono. Mama Shimwa akamkumbatia Ngabo, akamwita malaika. Ngabo akatoka jasho kama kawaida yake.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, namsikiliza polisi akimuuliza Mwalimu Pudentienne kwa nini aliweka alama kwamba mtoto kafika.

"Sikumwekea yeye peke yake," akasema huku analia. "Nilibonyeza ile ya Wote Wapo."

Nikainuka kwenye benchi.

Kitufe cha "Wote Wapo" nilikibuni mimi. Walimu walilalamika kuita majina kunachelewesha somo, nikawawekea kitufe kimoja, unabonyeza mara moja darasa zima linakuwa kijani. Chuoni nilipigiwa makofi kwa hilo.

Kama Ngabo asingekosea asubuhi ile, app yetu ingefanya kazi vizuri kabisa. Ingeonyesha Shimwa yupo, kijani, mpaka jioni dereva anarudi kufungua gari.

Kosa la Ngabo lilimtoa mtoto garini. Kitufe changu kingemzika.

Nilikifuta siku ile ile. Siku hizi walimu wananilalamikia kwamba app inachosha, jina moja moja, uso mmoja mmoja, na kwenye gari vilevile. Nawaambia ndiyo, inachosha, na itaendelea kuchosha. Wewe unayewatengenezea watoto kitu chochote, usimsaidie mtu kuacha kumwangalia mtoto.