Swali Lisilo na Kazi

Nilipoajiriwa kama wakili mchanga katika ofisi moja ndogo ya Kitale, juu ya duka la dawa za mifugo, nilidhani nimemaliza kusoma. Nilikuwa na cheti, joho jeusi ambalo bado lilikuwa na harufu ya dukani, na mdomo. Mdomo nilikuwa nao tangu utotoni. Babu zangu walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa Kati, lakini mimi ni wa Tuwan, mtaa wa hapo Kitale, na pale Tuwan mtoto asiyejua kujibu alirudi kwao bila mpira wake.

Mkubwa wangu ofisini, wakili mzee wa kutoka Bungoma mwenye miwani iliyoshikwa kwa uzi, hakuvutiwa na huo mdomo. Mwaka wa kwanza mzima sikumhoji shahidi hata mmoja. Nilipanga mafaili. Nilibandika namba za kurasa kwenye vielelezo. Kesi za kutajwa tu nilihudhuria kwa video, koti juu na malapa chini ya meza, nikisema "Naam, Mheshimiwa" na kuandika tarehe nyingine. Siku moja nikachemka. "Haki sikusoma miaka yote hiyo nije kubandika namba," nikamwambia. Hakuinua hata macho. "Siku utasimama mbele ya hakimu na ukurasa hauonekani," akasema, "utazikumbuka hizo namba."

Tulipokuwa na kesi Bungoma tulikwenda kwa gari lake, na kila tulipofika Kiminini alizima redio. Hapo ndipo darasa lilianza. Aliniuliza maswali yale yale kila safari: leo tunataka kuthibitisha jambo gani, nani atalisema, na akilisema nani atamwamini. Mimi nilijibu haraka la kwanza na la pili. La tatu nilibabaisha, kwa sababu niliona ni kazi ya hakimu, si yangu. Yeye alitikisa kichwa tu na kuwasha redio tena.

Halafu ikaja kesi ya mama wa Kanduyi.

Alikuwa mjane. Marehemu mume wake alikuwa amenunua kipande cha shamba kutoka kwa kaka yake mkubwa, wakaandikiana karatasi, na mama akajenga hapo na kulea watoto wake hapo. Mume alipofariki, shemeji akageuka. Akasema hakuuza kitu, alimwazima tu mdogo wake pahali pa kulima, na hiyo karatasi imetungwa baada ya mazishi. Alitaka mama atoke. Mama hakuwa na pengine pa kwenda, na alituambia hivyo bila kulia, akitazama dirishani.

Karatasi yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Waliotia sahihi kama mashahidi walikuwa wawili. Mmoja alikwisha kufa. Wa pili alikuwa ndiye mwandishi wake, kijana wa jirani wakati huo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye fundo la ndevu na mikono ya mkulima. Kesi nzima ilimtegemea huyo.

Niliwaita wote wawili ofisini Kitale kuwaandaa. Mama alikuwa ameketi mbele ya meza yangu shahidi alipobisha mlango. Mama akainuka, akajifunika leso, akapita ukutani ukutani mpaka nje, akasimama kwenye kolido karibu na ngazi, mgongo kwetu.

"Mama, rudi ndani," nikamwita. "Tuko na masaa mawili tu."

"Wewe endelea, wakiri. Nitasikia nikiwa hapa."

Nikamgeukia shahidi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, macho kwenye sakafu. Nikamuuliza wewe ni nani kwa huyu mama. Akasema, "Mimi nilikuwa jirani." Nikaandika: jirani. Nikapiga kelele mara mbili zaidi ili mama asikie kolidoni, nikaudhika, nikaona hawa watu wananipotezea siku. Lazima wamekosana, nikawaza. Pembeni mwa faili nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Mteja na shahidi hawaelewani?" Kisha nikafunga faili na kwenda kula.

Siku ya kusikizwa, mkubwa wangu alikuwa na kesi nyingine Kitale saa hiyo hiyo. "Nenda," akaniambia. "Shahidi ni mmoja, karatasi ni moja. Umemwandaa?" Nikasema nimemwandaa. "Basi uliza yale yenye kazi, halafu ukae chini. Swali lisilo na kazi ndilo hugeuka kukung'ata." Nilipopita Kiminini peke yangu sikuzima redio.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni Bungoma, aliyehamishwa kutoka Pwani. Alisikiza vizuri na kuandika kila neno kwa mkono. Shahidi wangu alipanda kizimbani, akala kiapo, akaeleza. Aliandika karatasi hiyo kwenye meza iliyotolewa nje, nyumbani kwa muuzaji. Ndugu wawili walitia sahihi. Mama akaweka kidole gumba. Mwandiko ni wake, sahihi ile ya chini ni yake. Nikamwonyesha ukurasa, na ukurasa ulikuwa na namba, na hakimu akaufikia mara moja. Wacha wee, nilijiona!

Ningekaa chini hapo. Lakini nilikuwa nimewatazama waendesha mashtaka kwenye kesi za jinai, wanavyomwambia shahidi amwonyeshe mshtakiwa, na korti nzima inageuza shingo. Nilikuwa naipenda sana ile shughuli. Katika kesi ya shamba haikuwa na kazi yoyote. Nikaivalia joho hivyo hivyo.

"Shahidi, huyo mama uliyemtaja yuko hapa mahakamani? Hebu mwonyeshe Mheshimiwa kwa kidole."

Akainamisha kichwa.

Nikarudia kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na kiziwi. Hakimu akaweka kalamu chini. "Shahidi, umeelewa swali?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Basi jibu."

"Siwezi."

Hakimu akachukua kalamu akaandika. Nilisikia ncha yake ikikwaruza karatasi, nikakaa.

Wakili wa shemeji akasimama polepole. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, wa aina ile inayoogopesha. Akamuuliza jina la huyo mama. Kimya. Umewahi kuingia ndani ya nyumba yake? "Hapana." Watu wakacheka chini chini. Mwaka huu umewahi kuongea naye, wewe na yeye, uso kwa uso? "Hapana."

"Kwa hivyo jina humtaji, nyumbani kwake hujaingia, kuongea hamjaongea, na kumwonyesha huwezi. Lakini kidole gumba chake cha miaka hiyo yote unakikumbuka! Bwana shahidi, hii karatasi ulipewa lini uiandike?"

"Niliandika siku hiyo nimesema," akajibu, lakini alikuwa anaiambia sakafu.

Shemeji alikuwa amekunja nne, anatabasamu. Nilimwona. Hasira zangu ziko karibu siku zote, na wakati huo zilinipanda mpaka masikioni, nikamchukia yeye, nikamchukia shahidi, nikataka kumtikisa mabega yule bwana na kumwambia bana, inua kichwa, unamfukuza mama wa watu kwake!

"Wakili, una swali lingine kwa shahidi wako?" hakimu akauliza.

Nikasimama. Nikafunua faili ili nionekane natafuta kitu, na nilichokikuta ni maandishi yangu mekundu: mteja na shahidi hawaelewani? Nikamtafuta mama kwa macho. Hakuwa pale nilipomkalisha. Alikuwa amejisogeza mpaka mwisho wa benchi, nyuma ya nguzo, leso imefunika uso, amegeukia ukuta. Vile vile kama kule kolidoni.

Ndipo nikamkumbuka jirani yetu mmoja wa Tuwan, mama wa kutoka upande wa Bungoma. Mume wa binti yake alipokuja kumtembelea, mama huyo hakutoka jikoni. Alituita sisi watoto wa ploti, akatupa sinia la ugali na kuku, tukampelekea mgeni sebuleni. Mgeni alikula, akatutuma turudi kusema asante. Sisi tulipenda tu kwamba tulipewa shingo na mabawa. Siku hizi wengi wamelegeza huo mwiko wa mkwe, wanasalimiana hata kwa mkono, lakini si wote. Kumbe nilikuwa nimebeba jibu hilo tangu nikiwa na miaka minane, na ofisini kwangu nikaliita ugomvi.

Nilitaka kumtia shahidi maneno mdomoni, kwamba huyo ni mama mkwe wako, si ndiyo? Lakini shahidi wako mwenyewe humlishi jibu, sheria haikubali. Ilibidi nimuulize kwa nini na nimwachie. Na hapo palikuwa na hatari yake. Akisema ni mkwe, upande wa pili watasema tulificha ujamaa. Akikaa kimya tena, mama anahama. Nani atamwamini? Kwa mara ya kwanza nikaona hilo swali lilikuwa langu.

"Shahidi, kwa nini umekataa kumwonyesha huyo mama?"

Wakili wa shemeji akainuka kupinga. Hakimu akamkalisha kwa mkono, akamwambia jambo hilo ameligusa yeye mwenyewe alipokuwa akihoji.

Shahidi alikunja kofia, akaikunjua. "Mheshimiwa, huyo ni mamake bibi yangu. Nilioa msichana wake miaka mitatu baada ya hiyo karatasi. Kwetu mama mkwe humuangalii uso. Jina yake hutaji. Nyumba yake huingii. Sasa wakili ananiambia nimnyoshee kidole mbele ya watu. Nitarudi nyumbani na uso gani?"

"Mbona hukusema hivyo mapema?" hakimu akauliza.

"Hakuna mtu aliniuliza."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Shemeji alikuwa ameshusha mguu. Ndipo nikaelewa kwa nini wakili wake hakutaja ujamaa hata mara moja. Kama angesema huyu ni mkwe, angekuwa amemweleza hakimu maana ya ule ukimya.

Nje, mama hakunisalimia. Nami, kwa aibu, nikaanza kwa ukali: "Lakini mama, si ungeniambia!"

"Nilikwambia, wakiri," akasema. "Nilitoka kwa mlango ukiniona."

Mimi wa Tuwan, nikamwomba msamaha pale pale kwenye changarawe. Akasema sawa, lakini aliendelea kutazama pembeni, na niliumia.

Jioni nilimweleza mkubwa wangu yote. Nilitarajia anigombeze. Alivua miwani tu. "Ulimwambia amnyooshee nani kidole?" Nikarudia. Akafumba macho kama mtu aliyejigonga kidole cha mguu. "Ungeniuliza," akasema.

"Sikujua kama kuna cha kuuliza."

"Ndiyo maana unabandika namba," akasema, na kesho yake akanipa shahidi mwingine wa kumwandaa. Nilikaa na huyo siku nzima. Nilimuuliza mpaka mahali anapokaa kanisani.

Tulisubiri hukumu miezi kadhaa, na katika miezi hiyo sikulala vizuri nikifikiria nyumba ya mama. Siku ilipofika nilikwenda Bungoma mwenyewe badala ya kusikiza kwa video. Hakimu alisoma kwa sauti ile ile ya kawaida. Alipofika kwa shahidi wangu, nilishika ukingo wa meza. Alisema ni kweli huyu ni mkwe, na ushahidi wa jamaa hupimwa kwa uangalifu. Lakini mtu ambaye hakukubali kumnyooshea mama mkwe kidole hata pale kidole hicho kingemfaa mama mkwe, mahakama haioni ni vipi angekubali kumtungia karatasi. Akasema anamwamini. Shamba ni la mama.

Nililia, sioni haya kusema. Mama alilia pia, kidogo, ndani ya leso. Kisha akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akanivuta mpaka kwenye ngazi za nje na kunionyesha kwa kidevu upande wa lango. Shahidi wetu alikuwa amesimama kule mbali, karibu na bodaboda, ametupa mgongo. Hakuwa ameingia.

"Nenda umwambie," mama akasema.

Sikumwambia tumwite aje. Nilishuka ngazi, nikavuka uwanja na joho langu, nikamfikia. "Mama anasema shamba limebaki."

Akavua kofia. "Amelia?"

"Kidogo."

"Mwambie Jumamosi nitaleta ng'ombe wa kulima," akasema. "Nitaanza na upande wa nyumba. Asitoke nje mpaka nimalize hapo."

Nikarudi kwa mama na kumwambia neno kwa neno, bila kuongeza langu.