Jina Kwenye Chupa ya Asali

Nilikuwa soko la Gakoromone nikichagua viazi nilipopigiwa simu kwamba yule mama aliyekuwa akituchapia mikataba mjini Embu ametutoka. Aliyepiga ni bintiye. Alisema moyo ndio uliomwangusha nyumbani kwake mtaani Majimbo, na kwamba mazishi yangekuwa Alhamisi. Nikampa pole, nikakata simu, nikabaki nimesimama na kiazi mkononi hadi muuzaji akaniuliza, "Mzee, unanunua ama unaomba?" Sikununua. Nilirudi kwenye gari nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Wengi wenu hamkumjua. Hakuwa wakili. Alikuwa na chumba kimoja si mbali na mahakama, kompyuta moja, printa yenye kelele na benchi la wateja. Walimjia wakodishaji wa mashamba, wauzaji wa muguka, yale majani ya kutafuna, na marafiki waliotaka kufungua duka pamoja kabla hawajaanza kugombana. Alikuwa na kanuni moja iliyowaudhi wote: hakutoa nakala ya kutia sahihi mpaka kila upande ueleze, kwa lugha ya nyumbani, upande wa pili umepata nini. Mimi mwenyewe nilimpelekea mkataba wa mchapishaji aliyetaka makala zangu ziwe kitabu. Nilitaka anirekebishie tarehe tu, niende zangu. Akausoma wote, akavua miwani. "Mwandishi, huyu mtu amepata nini?" Nikamjibu amepata kitabu. "Kitabu gani? Hiki, ama na zile hujaandika?" Nikasoma tena. Kumbe nilikuwa nimempa mchapishaji haki ya kila nitakachoandika hadi nife. Nilikasirika sana, hasa kwa sababu yeye ndiye alikuwa sawa. Kifungu kile kiliondolewa, na siku hiyo nikamuuliza kanuni yake aliitoa wapi.

Akanisimulia bila kujipamba. Miaka ya nyuma alikuja mnunuzi na mama mmoja mfugaji nyuki kutoka upande wa Karurumo. Mama huyo aliuza asali yake kwenye chupa zenye jina la mamake mume wake, na watu walikuwa wamezoea kuiulizia kwa jina hilo. Mnunuzi alikuja na mkataba wa Kiingereza aliouandika kwa mkono, akitaka uchapwe upesi. Ndani yake mlikuwa na kifungu kinachompa yeye jina na lebo daima. Mpiga chapa wetu alikiona. Ilikuwa saa ya chakula, naye ana njaa, akachapa. Mama wa asali akatia sahihi akiamini ameuza asali ya msimu.

Alipojaribu baadaye kupeleka chupa zake kwenye duka lingine, alipata barua ya wakili ikimwamuru aache kutumia jina lile. Hakuwa na mtu wa kumsomea isipokuwa yule yule aliyeuchapa mkataba. "Hiyo jina ni ya mamake mzee wangu," alimwambia, "na msichana wangu wa kwanza ndiye ako nayo. Jina ya mtu ni ya mtu. Itauzwa aje?" Nanyi mnaotoka huku mnaelewa. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama mzaa baba, na jina hilo huzunguka ukoo mzima bila mlinzi, kwa maana hakuna aliyewahi kufikiri linaweza kuondoka. Yule mama hakuona haja ya kulisajili kama alama ya biashara. Wakili waliyemwendea aliwaambia ukweli: sahihi ni yake, na kesi ingekuwa ngumu. Binti angeendelea kuitwa jina la nyanya yake, lakini asali isingeuzwa tena kwa jina hilo.

Mpiga chapa angeweza kusema kazi yake ni kuchapa tu. Badala yake alibeba unga na sukari, akaenda Karurumo kuomba msamaha. "Nilikiona hicho kifungu," alikiri. "Nilikuwa naharakisha nikule." Akamwomba watafute jina jipya, na mara hii wahakikishe wamelisajili kabla chupa moja haijatoka. Yule mama akasema, "Basi nipe yako." Kwa vile ni jina la mtu aliye hai, ilibidi atoe ruhusa ya maandishi, naye akaichapa mwenyewe. Kabla ya kutia sahihi akamuuliza mwenzake, kama alivyokuja kutuuliza sisi sote, yeye mwenye jina amepata nini. Mama wa asali akamjibu, "Umepata msichana mwingine wa kuitwa wewe. Huyu tu hatalia usiku."

Nimeandika mara nyingi kuhusu sheria kana kwamba ni mambo ya mawakili na majaji. Mama huyu alinionyesha kwamba mara nyingi huanza kwa mtu mmoja kumuuliza mwenzake swali kabla ya kalamu, na kwamba aliyelisahau swali hilo bado anaweza kubeba unga wake akarudi. Msitie sahihi kwa haraka, wasomaji wangu. Na mkiwa nyinyi ndio mnaojua kilichoandikwa, msinyamaze.

Alhamisi tulimzika. Mama wa asali alikuja na katoni ya chupa, akampa kila jirani moja bila kusema mengi. Nilimwendea nikamwomba ruhusa ya kuliandika jina la rafiki yake kwenye safu hii, ili lisipotee. Akapangusa macho, akacheka kidogo. "Ile karatasi alichapa inasema asali," akaniambia. "Gazeti haiko." Nikaomba niione. Nikaisoma yote, polepole, hadi mwisho. Kweli, gazeti haliko. Basi siliandiki. Lipo dukani, kwenye chupa, kalisomeni huko.