Écran nyeusi siku tatu mbele ya kumaliza kilio ya Yaya Febronie

Bakubwa ba hapa, na badogo benye bananipita akili ya mashini, jambo yenu bote.

Mi ni nkambo ya Katuba, batoto ya batoto yangu beko kumi na moya. Nasomaka mambo yenu huku kila siku, lakini siandikake. Leo naandika na kidole moya, mutanivumilia.

Yenye nitasema ni ya kweli yote. Mwenye atabisha akuye kwangu, bashahidi beko bazima na banakula muzuri.

Mambo yenyewe njo hii: ordinateur ya nyumba, njo kompyuta, ile ya kutia pa meza, iliwaka, lakini écran ikakatala kutosha picha.

Najua mushaanza kusema "nkambo, ni câble". Ngojeni.

Yaya yangu Febronie, mukubwa wangu wa tumbo moya, alituacha wakati ya mvua. Alikuwa muzee, alikula miaka yake, tulilia na tulicheka. Sasa ile Samedi, njo Jumamosi, tulikuwa tunamaliza kilio.

Binti yake Godelive anakaaka Mitwaba. Siku ya kuzika mama yake, barabara ilikuwa imekatika, camion yenye ilimubeba ikalala mu matope siku tano. Godelive akarudia Mitwaba kwa miguu, viatu mu mikono. Hakuona mama yake ata mu sanduku.

Miezi ine yote, kila akipiga telefoni, anauliza paka kintu moya tu:

"Mama mudogo, ile picha ya mama iko? Nikifika mutanionyesha?"

"Iko, mwanangu. Iko mu ordinateur."

Ju iko paka ile moya. Na telefoni yenye ilikamata ile picha ilianguka mu kisima.

Godelive alikuwa anafika Vendredi, siku moya mbele ya ile Samedi. Shiye tukawasha mashini Mercredi asubui, siku mbili mbele ya yeye kufika, ili tutoshe picha, twende kuifanya kubwa, tutie mu cadre ya kioo.

Ka-taa kadogo ka mbele kakawaka. Ventilateur ikaanza kuzunguka, vuuu. Écran ikaandika "aucun signal", njo kusema hakuna kintu inafika, kisha ikalala.

Tukazima. Tukawasha. Nyeusi.

Régine, muke ya mutoto wangu Donatien, akatia mikono pa kichwa:

"Mama, ni Yaya Febronie. Hapendi tumuangalie mbele ya Samedi."

"Régine, Febronie hakujua ata kuwasha radio. Atazima ordinateur namna gani?"

Hapa nitoke kidogo mu njia, ju ba mbali baelewe. Kwetu kilio ikianguka, salon inabakia wazi. Bintu yote inatoka, bamama banakaa chini. Kabati ilienda kwa Mama Léontine. Viti kwa Mama Sabine Kalumba. Frigo kwa Papa Évariste, na samaki yenye ilikuwa ndani sikuiona tena, sijasahau. Ordinateur ilienda kwa jirani yetu wa mulango kwa mulango, Papa Nawej.

Akaichunga miezi ine, ju wakati ya kilio hatuwashake bintu ya picha wala ya muziki. Alirudisha Mardi, siku moya mbele ya kuiwasha, ye mwenyewe, na brouette ya kusukuma, ameifunika blanketi sawa mugonjwa.

Kusikia kama haitoshe picha, akakuya mbio. Akaleta écran ya kwake, akaifunga pa mashini yetu: nyeusi. Akabeba écran yetu na câble yake, akaifunga kwake: picha safi, rangi yote.

Basi écran ni nzima, câble ni nzima. Ugonjwa iko mu kisanduku.

Bakubwa, hii kidogo muishike. Mbele ya kununua écran, omba ya jirani, upime. Régine alikuwa ashavaa viatu aende kununua.

Fundi yetu anaitwa Mwamba. Ni mi nilimuzalisha, ju zamani nilikuwa nazalisha bamama ba Katuba, na yeye alikuya miguu mbele, mama yake Thérèse karibu aniume mukono. Lakini Mwamba alikuwa Kambove kwa kazi, anarudia paka Lundi, kilio ikiwa imekwisha. Nikamupigia telefoni.

"Nkambo, mashini inalia?"

"Inalia namna gani? Haina mama."

"Tia telefoni karibu nayo, kisha uwashe."

Nikatia. Kumbe kweli: tiiii... tiiii... tiiii. Tulikuwa tumeisikia tangu asubui, lakini tulisema ni régulateur, kifaa ya kutuliza umeme, inalalamikia courant. Régulateur yetu inalalamikaka kila siku, tushaizobelea.

Mwamba akacheka kule. "Ile ni barrette, nkambo. Mémoire ya mashini. Ni kipande kirefu kama règle, rula, ya mutoto wa masomo, rangi ya majani, chini iko na meno ya manjano. Inashikaka vumbi. Utaitosha, utapanguza meno na gomme, ile ya kufutia kalamu, utairudisha."

"Na mikono yangu hii?"

"Mikono yenye ilinitosha mi na miguu mbele, itashindwa na barrette?"

Akaniambia: chomoa courant kwanza. Gusa chuma ya kisanduku, umeme ya mwili itoke. Ubavu ya kisanduku haina ata vis moya ya kuifunga, Mwamba mwenyewe aliachaka vile ju ya joto. Nikafungula.

"Unaona nafasi mbili refu, karibu na ventilateur?"

"Naona."

"Tosha barrette."

"Ya wapi?"

"Mu nafasi, nkambo."

"Mwamba, nafasi zote mbili ni wazi. Ni sawa ufizi ya mutoto wa jana."

Kisha akasema pole pole: "Nkambo, barrette haitembeake. Kuko muntu aliikamata."

Telefoni ilikuwa na sauti kubwa, bote balisikia: Régine, na Papa Nawej mwenye alikuwa bado pale.

Régine hakusema jina ya muntu. Aliangalia tu Papa Nawej, kisha akaangalia chini, kisha akamuangalia tena.

Papa Nawej akakamata kofia yake. Sauti ilikuwa ndogo:

"Mama Véro, nilichunga bintu yenu sawa yangu. Ata batoto niliwakataza kupita karibu."

Bakubwa, niliahidi kweli, basi niseme. Na mi roho yangu ilienda kule. Sekunde moya. Muntu mwenye tumeteka naye maji pa bomba moya tangu batoto yetu hawajaota meno, nilimuona mwizi. Miezi ine mu nyumba yake! Nani mwingine?

Lakini mi Mungu alinipa kintu moya: majina haitoke mu kichwa yangu.

"Kaa, Papa Nawej. Tia kofia chini."

Nikafunga macho. Nikarudisha ile asubui ya kilio, wakati ordinateur ilikuwa ikingali pa meza. Nani aliingia wa kwanza? Sœur Béatrice, na rozari, akasimama pa mulango. Kisha Mama Sabine, ju ya viti. Kisha Papa Évariste na batoto yake mbili, Gustave na Fidèle, ju ya frigo. Kisha Tata Chola...

Nikafungula macho.

Tata Chola!

Ba mbali, sikieni. Shiye ni bena Mbushi, bantu ba mbuzi. Tata Chola ni mwina Ngo, muntu wa chui. Chui na mbuzi ni banungwe, njo kusema batani. Kilio yetu ikianguka, ni bo banatutukana, banatuchekesha, na banakamata kintu ya nyumba mupaka tuikomboe na kuku. Ni haki yabo. Kilio bila munungwe ni kilio ya muntu hana kwabo.

Ile siku Chola alisimama karibu na meza, anapiga kelele:

"Mbuzi moya iko chini! Zenye zinabakia zijitayarishe, chui hatujashiba! Na mi nimekamata ya kwangu, mutanitafuta!"

Tulicheka bote. Muke yake alikuwa ameficha kifuniko ya chungu kubwa. Tukamupa kuku, akarudisha kifuniko, tukasema imekwisha. Hata muntu moya hakuuliza Chola: we ulikamata nini?

Na Chola, bakubwa, alikuwa électricien, fundi ya umeme mu mine ya kuchimba mawe, mupaka bakamupumuzisha.

Tukaenda kwake: mi, Régine, Papa Nawej, na jogoo moya mwekundu chini ya mukono yangu. Chola alikuwa pa kiti mbele ya nyumba, anakula karanga.

"Ah! Mbuzi banafika! Miezi ine! Nilianza kusema labda mbuzi hazijue kuhesabu."

"We chui muzee! Meno imekuisha mu kinywa, sasa unaiba meno ya mashini!"

"Imeisha ju nyama yenu ni ngumu. Kuku iko wapi?"

Nikamupa. Akaipima na mukono.

"Hii ni kuku ao ni njiwa?"

"Chui mwenye njaa hachague. Leta kintu ya bene."

Akaingia ndani, akarudia na kikopo ya majani ya chai. Ndani, barrette, imefungwa mu kitambaa safi, ata vumbi hakuna. Akanitolea, anacheka bado. Kisha akaona Papa Nawej. Papa Nawej alikuwa amebakia pa kiingilio ya kiwanja, hakuingia, kofia mu mikono.

Chola akaangalia Régine. Akaniangalia mi. Kicheko ikamutoka.

"Nawej, balikusema we?"

Papa Nawej akaangalia kofia yake.

"Nilikamata ya mbuzi," Chola akasema. "Sikujua itakuangukia we." Akaenda mupaka pa kiingilio, akamutia jogoo mu mikono.

"Mi si chui," Papa Nawej akasema.

"Kula tu."

Njo na mi nikasema pale pale, mbele ya bote: "Papa Nawej, nilikuwaza mubaya sekunde moya. Unisamehe."

"Mama Véro, ya kwako ilikuwa sekunde moya, imepita. Ni Régine alinipa dakika tano."

Régine akafunika uso na kitambaa ya kichwa. Mupaka leo, akimuona Papa Nawej, anamusalimia mara mbili.

Tukarudia nyumbani na Chola. Munungwe njo anarudisha kintu na mukono yake. Akapanguza meno na gomme, akatia barrette mu nafasi, akasukuma ncha mbili pamoya: ta! ta! "Usipoisikia kusema ta, haijaingia," akatufundisha.

Nikatia kidole pa bouton.

Courant ikakatika. Avenue yote.

Chola akasema ile si ye, ile hakamate. Tukangoja mupaka kesho yake, Jeudi, saa nane ya muchana. Courant ikarudi, tukaiacha itulie kidogo, nikawasha. Mashini ikalia mara moya tu, fupi, ti. Kisha écran ikawaka, rangi ya mbingu, na majina ya bintu yetu yote pale.

Vendredi Godelive akafika. Vumbi mupaka mu nyusi. Hakukaa, hakukunywa maji, akaenda moya kwa moya pa meza.

Picha iko hivi: Yaya Febronie pa bassin ya kufula, povu mupaka mu bikokoto ya mikono, kichwa wazi, kinywa wazi, mukono moya yulu anakataza.

Godelive akasimama wakati murefu. Akagusa écran na kidole, pale pa povu.

"Mama mudogo, hapa anatukana nani?"

"Donatien. Alimupiga picha bila kumuambia."

"Alisema nini?"

Nilikuwa pale, pa bassin ya pili. Nikamuambia maneno yote, moya moya, vile Febronie aliyasema, ata yenye siwezi kuandika huku.

Godelive akacheka mupaka akakaa chini. Na pale chini njo akalia, ile kilio yenye ilikuwa imebakia mu njia ya Mitwaba. Tukamuacha alie. Samedi, ile picha tukaitia mu cadre vile vile, na povu, na mukono yulu.

Mafundisho yangu, kama munataka: mashini ikilia na écran ni nyeusi, sikiliza mashini, usihukumu écran. Na mbele ya kuita muntu mwizi, hesabu kwanza majina ya bote benye balipita mu chumba, mupaka wa mwisho. Na ikifika kuku ya munungwe, uliza kila munungwe alikamata nini, si muke yake tu.

Sasa ni zamu yenu. Benye munajua mashini: gomme pa barrette ni muzuri, ao Chola anatudanganya? Na benye muko na banungwe: balikamataka nini kwenu? Andikeni, na mutie majina, nitayashika.