Mguu wa Tano wa Ng'ombe wa Kanyakine

Kiunga wa Kanyakine aliachana na shule darasa la sita, na mpaka leo husema ni shule ndiyo ilipata hasara. Kwa mambo ya kuchora alijiita nambari moja kutoka Meru mpaka Embu. Ukimuuliza nambari mbili ni nani, anakwambia bado anamtafuta.

Shida ni kwamba alikuwa kwa kikundi. Wachoraji wanne: yeye, Riungu, Kathambi, na Njiru wa kutoka Mbeere, kule chini Embu. Sheria yao ilikuwa moja, hakuna mtu kusema "mimi." Kila kitu ni "sisi." Hata rangi ya mkia walikuwa wanapigia kura.

Mama Cicily akawapa ukuta wa hoteli yake, wachore ng'ombe wa maziwa. Kiunga akafurahi kwa sababu yake mwenyewe. Mzee Murungi, baba yake Gatwiri, msichana ambaye Kiunga alitaka kuoa, alikuwa amemwambia, "Msichana wangu siwezi patia mdomo. Nionyeshe kazi ya mikono." Na mzee hupitia hapo kila siku ya soko.

Mkutano ukaanza asubuhi.

"Ng'ombe bila nundu ni mbuzi mnene," Njiru akasema.

"Hiyo ni ya kwenu kwa jua," Riungu akamjibu. "Huku sisi tunakamua. Weka madoa na kiwele kikubwa."

Wakaweka vyote. Kathambi naye akapewa pembe, asinune. Miguu wakagawana, kila mtu mmoja. Mmoja ukaelekea sokoni, mwingine kanisani, wa tatu ukakunjika kama umekaliwa na mtu. Ule wa Kiunga tu ndio ulikaa mguu.

Mzee akafika, akaangalia sana, akaweka fimbo kwa ule mzuri. "Huu ni wa nani?"

Kiunga akakumbuka sheria, akakumbuka Gatwiri. "Ni mimi, mzee."

"Ni mimi," Njiru akasema.

"Mimi," Riungu naye. Hata Kathambi akainua mkono, na yeye hakuwa anatafuta bibi.

Siku hiyo ndiyo kikundi kilikubaliana bila mkutano.

"Basi kila mtu achore mwingine kama huo, nikiona," mzee akasema.

Wakaita mkutano, waamue nani ataanza. Riungu akataka kura ya siri. Njiru akasema kwanza wachague mwenyekiti. Mzee akavaa kofia, akaanza kwenda.

Kiunga akachovya brashi. Nafasi ilikuwa imebaki chini ya tumbo tu, akapachika mguu mwingine hapo hapo: goti, kwato, kila kitu. Mzee akasikia brashi ukutani, akarudi, akainama kuutazama kama mtu ananunua.

Mpaka leo ng'ombe wa Mama Cicily ana miguu mitano, na kikundi bado kinajadili ni mguu gani ufutwe. Mzee Murungi akileta wageni hapo kwa chai, huwaonyesha ule wa katikati.

"Huyo ndiye mkwe wangu," anasema. "Hiyo ingine ni kamati."